Yamini ya Mwinyimvua

Benchi la kahawa la Magomeni, Bagamoyo, lina watu wa chama cha Kinu na wa chama cha Taa, na miaka yote wamekunywa kutoka dele moja la Mikdad muuza kahawa. Balaa liliingia siku tatu nyuma, wabunge wa Taa walipotoka nje ya ukumbi kususia muswada wa masoko ya samaki. Mwinyimvua fundi baiskeli ni Kinu damu, na kijiwe kinamwita Kanuni, maana kanuni za Bunge kazisoma mwenyewe mpaka kitabu kimeng'oka jalada. Hasira zikampanda, akaapa mbele ya watu: “Wallahi, sinywi kahawa na mtu wa Taa mpaka waseme wameshindwa!” Tangu hapo anakuja kila asubuhi, anakaa palepale, ananusa tu. Leo redio imesema vyama vimepatana: Kinu wamekiondoa kifungu cha leseni, Taa wamerudi ndani na kuupigia kura muswada uliobaki.

— Kanuni, umesikia? — akaanza Najim, mtu wa Taa, jina la kijiweni Susa. — Tumeshinda.

— Mmeshinda nini? Tumeshinda sisi!

— Haya, kama wote tumeshinda, nani aseme ameshindwa ili wewe unywe?

Mwinyimvua akaacha kunusa. Hilo hakulifikiria. Aliapa akijua mechi ina mshindi na mshindwa. Nani alijua watatoka sare na kila mmoja abebe kombe?

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame! — akafoka. — Ninyi mlisimama mkatoka nje!

— Na tukakipata tukiwa huko huko nje, kaka.

Oscar, dereva wa lori mstaafu, wanayemwita Dodoma kwa safari zake za huko, akaweka kikombe chini.

— Hamjui kitu. Kule kuna fundi cherehani mmoja. Suti za Kinu anashona yeye, za Taa yeye. Wanapatana wakati wa kupimwa. Huyu kainua mikono, yule kabana tumbo; mtagombana vipi mkiwa hivyo?

— Mwongo wewe! — benchi likaangua kicheko.

— Futikamba yake nimeishika! Na kikao kikichacha, anaambiwa apunguze viuno vya suruali. Mbunge asiyepumua hasusi.

— Haba na haba hujaza kibaba, — akasema Mikdad kwa kituo, kana kwamba kesi imekwisha.

Najim hakucheka. Siku tatu amekuwa akimwona rafiki yake kakaa pale kama mgeni msibani.

— Sikiliza, Kanuni. Mimi nasema, kwa niaba ya chama: tumeshindwa. Kunywa, yaishe.

— Unasema kweli?

— Nasema ili unywe.

— Basi sitaki! Nimeapa mlangoni, sitokei dirishani.

Hapo akafika Hajra, jirani yake Mwinyimvua, anakokota baiskeli yenye pancha. Salamu zikapita, akaelezwa kisa chote.

— Siku tatu hunywi na mtu wa Taa?

— Hata funda.

— Mbona kila alfajiri nawasikia ukutani, wewe na Shamsia, mnakunywa kahawa na kucheka? Kadi yake ya Taa si ile mmeichomeka kwenye kioo? Kwani mkeo ni mtu wa chama gani?

Kadi Mwinyimvua aliijua, kila siku anachana nywele kando yake. Lakini anayemmiminia kahawa alfajiri ni Shamsia, na hakupata kumhesabu kuwa mtu mwingine, sembuse mtu wa Taa.

— Yamini niliyoapa ilivunjika kesho yake alfajiri, — akasema mwishowe, wazi, mbele ya wote. — Kafara ya kiapo nitaitoa. Maskini kumi nitawalisha.

— Wa kwanza mimi, — akadakia Mikdad.

— Maskini mwenye dele? Funga mdomo, umimine! Anza na Susa, mimi nifuate.

Najim akasogea kumpisha, ingawa nafasi ilikuwepo tele.