Historia ya Fundi, Dada Yetu Aliyezalisha Mbwa wa Pua Bapa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, familia imekubaliana kwamba dada yetu asirembwe leo kwa sababu tu amelala hapa na hawezi kujibu, maana akiwa hai mtu akimsifu kupita kiasi aliinuka na kuondoka, basi tutasoma yaliyokuwa, na tarehe zake.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha pili nyuma ya ghala la mbao, mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba seremala na mama muuza maziwa. Alianza shule Januari 1966, akamaliza darasa la saba Novemba 1972, akafaulu, lakini mama alikuwa anaumwa mgongo na sisi wadogo tulikuwa wanne, akabaki nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulilia mbele yetu, ila alipoanza kutushonea sare alikuwa anatukagua mlangoni kama mwalimu mkuu.

Tarehe 3 Juni 1975 aliajiriwa kwenye karakana ya nguo, akawekwa kwenye vifungo miaka miwili mizima, na mwaka 1981 akafungua chumba chake, cherehani mbili, meza moja ya kukatia na kioo kirefu, akajulikana kwa kumpa mteja anachotaka, kola fupi utafupishiwa, pindo refu utaongezewa, ubishi hana. Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983 na dereva wa lori, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume tarehe 11 Februari 1985, na shemeji yetu akatutoka tarehe 7 Mei 1994.

Mwaka 1996 mteja aliyekuwa anahama alimwachia mbwa wawili, dume mwenye pua fupi na jike mwenye manyoya ya kujisokota, wakazaa watoto wanne tarehe 9 Januari 1997, na hapo ndipo marehemu alipofanya kosa la fundi cherehani, akadhani kiumbe ni kitambaa. Watu walitaka uso mfupi zaidi, akampandishia baba binti yake, wakataka mdogo wa kubebwa kwapani, akawachagua wadogo kwa wadogo, kila uzao akipunguza kidogo kama anapunguza pindo, na foleni ilifika barabarani, na baadhi yenu mnaotutazama hapa mlikuwamo. Mtu akiuliza mbona huyu anakoroma na yuko macho, marehemu alimjibu, ameshiba huyo, watu wakacheka, wakambeba. Daktari wa mifugo alimwambia mara tatu kwamba Fundi, majike wako hawazai tena bila kisu cha upasuaji, naye mara zote tatu akamwambia atibu mbwa, aache kuchungulia kazi za watu.

Tarehe 22 Oktoba 2011, saa saba mchana, jike aliyeitwa Tonge alikimbia kutoka chumbani hadi getini kumpokea marehemu, hatua ishirini tu, akarudi ulimi umegeuka buluu, akafia juu ya meza ya kukatia nguo. Daktari alipompasua alimwonyesha marehemu tundu za pua zisizopitisha kijiti cha kiberiti, na nyama laini iliyoziba koo, akamwambia, mama, huyu hajawahi kuvuta pumzi nzima tangu azaliwe.

Aliacha kuzalisha siku hiyo hiyo, akachukua daftari lenye majina ya waliochukua mbwa, akapita nyumba kwa nyumba kwa miguu, miaka mitatu, akiwaambia kwamba mliyoambiwa ni shibe ilikuwa ni kukosa hewa, na aliyewaambia ni mimi, mpelekeni kwa daktari, mhasini, msimnenepeshe, msimtembeze juani. Wapo waliomshukuru, wapo waliomfungia mlango, mwalimu mmoja mstaafu alimuuliza mbona wakati wa kuuza mdomo ulikuwa mtamu, akamjibu, ndiyo maana nimeuleta huo huo, na wapo, na hawa ndio waliomchosha, waliomsikiliza mpaka mwisho, kisha wakauliza mwingine atapatikana lini.

Aliyemchosha kuliko wote ni mwanawe, ambaye mwaka 2014 aliianza upya biashara ile nyumbani kwake, akamwambia, mama, nimesomeshwa kwa mbwa hao hao, leo kwangu iwe kosa, naye marehemu akasema, umesomeshwa ndiyo, sasa soma basi. Kwa miaka tisa walisalimiana, wakapelekeana dawa, lakini ua wa mwanawe marehemu hakuukanyaga.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 3 Septemba 2023, akiwa wodi namba nne, alimwomba mwanawe kitu kimoja, mbwa hawa wasizalishwe tena, mwana akasema, pumzika kwanza mama, tutaongea. Hawakuongea, alifariki tarehe 6, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Tulipokaa kuandika historia hii, wengine walitaka habari za mbwa zirukwe, na mwanawe akasema, andikeni yote, na mimi mniandike. Ametuagiza tuwatangazie walioandikisha majina kwa watoto wa mbwa wa Desemba kwamba hawatazaliwa, mbwa wake wote watatu walifungwa uzazi jana, Ijumaa tarehe 8. Mbwa wanne waliotelekezwa na waliowachukua, ambao marehemu aliwarudisha kwake, hawagawiwi leo kwa huruma ya msiba, anayemtaka mmoja aje mara tatu, mara ya tatu aje na wote anaoishi nao, wakae wasikilize anavyopumua akilala, kisha waseme kama wataweza, na wakisema hawataweza tutawaheshimu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliovumilia kubweka kwa miaka ishirini na zaidi, mafundi wenzake, na daktari wa mifugo, aliyefukuzwa mara tatu na akaja kila alipoitwa.

Dada, kuharibu ulikufanya kwa haraka, kutengeneza kukakuchosha mpaka mwisho, lala sasa kwa amani, mwanao amewalisha mbwa wako asubuhi hii.