Ghala Bado Liko Buguruni

Pale Mchafukoge, hatua chache kutoka Kariakoo, kuna benchi la kahawa lenye wataalamu wa kila kitu isipokuwa kile unachokihitaji. Asubuhi hiyo Zamda alishuka ngazi kutoka ofisini kwao na lebo moja mkononi. Marobota themanini ya vitenge yalikuwa kwenye lori, yanasubiri lebo za ghala. Ghala la Buguruni walilirudisha kwa mwenyewe juzi. Jipya liko hapahapa mtaani. Bosi wake, Bhavin, alishamwekea kalamu ya wino mezani: skripti, yaani programu fupi aliyoiandika Zamda ya kuchapa lebo, isipochapa jina sahihi la ghala kufikia saa nne, wanarudi kuandika kwa mkono, na skripti ndiyo basi tena.

— Jina la ghala nimelibadilisha mwenyewe saa mbili, kwenye mazingira ya kompyuta, Zamda aliwaambia wa benchini. Skripti inalisoma humo. Bado inachapa Buguruni.

Uledi, wakala wa forodha mstaafu, anaitwa Waziri kwa sababu kila jambo analitolea tamko.

— Mazingira ni usafi, binti yangu. Hiyo mashine mmeifuta vumbi lini?

— Siyo mazingira ya ufagio, mzee. Ni kama ubao wa matangazo. Kompyuta inaandika, programu zinasoma.

— Basi inasoma ubao wa jirani, alidakia Sadalla, fundi simu, maarufu kama Chaji. Kuna waifai ya Buguruni imeingia humo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Waifai itoke Buguruni ije kwangu?

— Inadandia nyaya za umeme.

— Mwache, alisema Waziri. Mashine ina mazoea. Mimi nilipostaafu, miguu iliendelea kwenda bandarini mwezi mzima. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? aliuliza Zamda.

— Itaingia yenyewe.

Chaji alimsogelea Zamda.

— Dada, si uliandike jina humohumo ndani ya skripti, yaishe?

— Skripti ziko tano. Nimezifundisha zote kusoma sehemu moja ili nisizunguke kama mgambo. Sibandiki kiraka.

Mama Shobhana, mwenye duka la vifungo, alikuwa amefika kuchukua kahawa yake. Zamda akamwamkia.

— Marahaba. Hiyo skripti unaiendeshea wapi?

— Kwenye dirisha jeusi, mama, lile la kuandikia amri.

— Ulilifungua lini?

Waziri akamtazama Chaji. Chaji akaitazama birika.

— Maana mwanangu Jeet, aliendelea mama, akitoka nyumbani kabla sijabadilisha mboga, kutwa nzima atawaambia watu tunapika bamia.

Zamda alisimama. Ofisini kwao hakuna anayefunga dirisha la kompyuta. Wanalishusha tu chini. Lile alilifungua jana. Lilinakili ubao wa jana, na skripti iliyozaliwa humo ikarithi habari za jana.

Alipanda ngazi mbili mbili. Akalifunga, akafungua jipya, akaendesha. Printa ikakohoa: MCHAFUKOGE. Akaiweka kalamu ya Bhavin kwenye droo, akashuka na rundo la lebo. Ilikuwa saa nne kasoro robo.

— Si nilisema ni waifai? aliuliza Chaji.

Zamda alikuwa ameshakanyaga tairi la lori, anabandika lebo kwenye robota la kwanza.