Bi. Hildegarda Mwegoha na Rangi ya Behewa la Gadi

Baada ya miaka ishirini na minne ya kupaka rangi mabehewa ya mfano yanayoenea kiganjani, Bi. Hildegarda Mwegoha anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Sisi wa Karakana ya Vielelezo vya Reli hapa Mikumi tumemzoea kwa jina la Mama Rangi, naye huitika bila kinyongo, isipokuwa anapochanganya rangi. Hapo haitiki kabisa.

Alizaliwa Masanze, Kilosa, binti wa marehemu Mzee Yared Mwegoha aliyekuwa gadi wa treni za mizigo, yaani yule anayesafiri kwenye behewa la mwisho kuulinda msafara wote. Alikuja kwetu akitokea kupaka milango na madirisha ya nyumba za watu, na wiki za mwanzo alilalamika kwamba brashi zetu ni za kupakia kucha.

Aliyefanya naye kazi anazijua sheria zake. Rangi haichaguliwi chini ya taa. Sampuli hutolewa nje, kivulini, ikiwa imekauka, kwa sababu rangi mbichi ni mwongo. Tena kitu kidogo huonekana kimekolea kuliko kikubwa, hivyo kila mchanganyiko wa behewa la mfano lazima uongezwe tone la nyeupe. Ukilisahau, treni nzima inaonekana imetoka kwenye tanuri la mkaa.

Sheria yake kubwa, ya kuosha kwanza, aliipata kwa aibu. Mwaka mmoja, baada ya mafuriko ya Mto Mkondoa, alikwenda Kidete, akakuta behewa kuukuu limetelekezwa majanini, akalinganisha sampuli zake kwa makini na kurudi na kahawia aliyoiamini. Tukapaka treni nzima. Siku ya kuionyesha kwa wastaafu wa reli pale Kilosa, Mzee Nikolaus, dereva wa zamani, aliitikia shikamoo zetu zote, akainama kuitazama, kisha akauliza kwa upole kama treni hii ilipita juu ya daraja au ndani ya mto. Bi. Hildegarda alikuwa amenakili matope. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akairudisha treni Mikumi na kuikwangua mwenyewe. Tangu hapo, mtu akileta habari asiyo na uhakika nayo hapa karakana, huulizwa kama ameiosha.

Baada ya aibu hiyo alitoa kazi safi: mabehewa ya mifugo, matangi ya mafuta, mabehewa ya abiria ambayo wageni wa hifadhi huyabeba kwa mikono miwili. Moja tu lilimshinda miaka yote, behewa la gadi. Picha zilizopo hazina rangi, na wazee wa reli kila mmoja ana kumbukumbu yake. Kila likizo alipeleka sampuli Masanze kwa mama yake, Bibi Ida, ambaye alikuwa akimpokea mumewe stesheni ya Kilosa na kulijua behewa lile kuliko mtu yeyote. Kila likizo Bibi Ida alisema si hii. Kisha macho ya Bibi Ida yakaanza kuingia ukungu, na mwenzetu akapunguza utani. Aliogopa kwamba siku atakayoipata rangi hiyo, hatakuwepo wa kumthibitishia.

Mlango wa jiko la Bibi Ida ulitengenezwa na Mzee Yared kwa mbao za behewa la gadi lililovunjwa. Ndani ulikuwa masizi matupu, nje jua limeuacha kijivu, na Bi. Hildegarda alishaukwangua akakata tamaa. Mwaka jana mdogo wake, Bonifas, aliung'oa kwa sababu ya mchwa. Bawaba zilipotoka, chini yake palikuwa na rangi ambayo haikuwahi kuguswa na moshi wala jua: nyekundu iliyoiva, inayoelekea zambarau. Bi. Hildegarda aliiosha kwanza, bila shaka.

Behewa lilipokamilika alilipeleka Masanze. Bibi Ida alilisogeza dirishani, akaligeuzageuza kwa muda mrefu, na safari hii hakusema si hii. Alimwambia binti yake anawe mikono wale. Akaliweka behewa mezani, mahali alipozoea kukaa Mzee Yared, akaagiza lisiondolewe mpaka watu washibe. Bi. Hildegarda alitusimulia hayo akiwa kwenye meza yake ya kazi, machozi yakimtoka, na sisi wengine tulilia naye.

Desturi yetu ni kumpa mstaafu behewa alipendalo, na tulikwisha kulifunga hilo la gadi. Amelikataa. Anataka libaki karakana ili Angela na Lucas, wanaorithi brashi zake, wawe na cha kulinganishia. Alichoomba ni kopo la rangi ileile, apake mlango mpya wa jiko la mama yake, Bibi Ida angali anaweza kuuona.

Asante, Mama Rangi, kwa kutufundisha kutazama mara ya pili. Tunakuombea afya njema na siku za utulivu huko Masanze, na usitusahau ukipika. Kopo lako liko tayari, tumelichanganya wenyewe. Hatukuweka tone la nyeupe, maana safari hii unapaka kitu chenye ukubwa wake halisi.

Doris Chilongola
Kitengo cha Useremala