Sista Mackrine na Kiti Kinachotazama Ukuta

Miaka ishirini na miwili, miezi mitatu na siku ishirini na saba. Huo ndio muda ambao Sista Mackrine Kokubanza atakuwa amekitumikia kiwanda chetu cha kukoboa kahawa hapa Isingiro, atakapofunga mlango wa chumba chake Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Hesabu nimeipiga mwenyewe. Mimi ni mtu wa mizani; "zaidi ya miaka ishirini" siipokei.

Alifika tarehe 3 Machi 2003, muuguzi akitokea zahanati moja ya Mabira, na begi moja na mwavuli. Alipewa stoo ya magunia matupu iwe chumba cha kupimia. Aliifagia, akaipaka chokaa, lakini harufu ya gunia haikutoka. Mpaka leo, nikikutana na harufu ya gunia iliyochanganyika na dettol, nanyoosha mgongo kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Kazi yake haikuwa kutibu. Alichoka kulieleza hilo. Kazi yake ilikuwa kumpima mtu akiwa mzima: anapoingia kazini, kila mwaka akiwa kazini, na siku anapoondoka, ili kiwanda kijue kilimpokea mtu wa namna gani na kinamrudisha nyumbani mtu wa namna gani. Sisi wakati huo tuliona ni kupoteza muda. Mtu mzima anapimwa nini?

Siku ya kwanza ya kupima pumzi, mwaka 2004, haitasahaulika. Kipimo ni kibomba cha plastiki chenye mshale pembeni; ukipuliza, mshale unapanda. Tulikuwa wanaume thelathini na wanne wa ukumbi wa mashine. Sista alieleza vizuri, tukaitikia vizuri. Kisha kumi na tisa kati yetu tukakiweka kibomba mdomoni, tukavuta. Tusilaumiwe. Mwanaume wa huku akiwekewa mrija mdomoni anajua kazi moja tu, kuvuta rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu. Mshale haukutikisika. Meneja wa enzi hizo, Mzee Winston, alisoma karatasi akavua miwani: "Sista, kwa hesabu hii nina maiti kumi na tisa wanaobeba magunia!" Sista alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaturudisha wote, mmoja mmoja, akitufundisha kupuliza kwa kuzima mshumaa.

Mwaka 2006 pumzi za watu saba zilishuka kwa mpigo, wote wa kona moja, penye chekecheke la tatu. Mwingine angewaandikia dawa ya kikohozi. Sista aliandika fundi. Fundi akafungua bomba la kufyonza vumbi, akalikuta limeshindiliwa maganda ya kahawa karibu gunia zima. Miezi sita baadaye wale saba walipuliza vizuri kuliko Mzee Winston mwenyewe.

Kwa wanaopenda maneno matamu, wasome tu aya inayofuata. Kwa mwajiri, hesabu ni hii. Mwaka 2003 tulikuwa wafanyakazi 96 na tulikosa kazi kwa ugonjwa siku 611. Mwaka jana tulikuwa 121, tukakosa siku 138. Kwa mwendo wa zamani watu 121 wangekosa siku 770. Tofauti ni siku 632, yaani watu wawili wa kufanya kazi mwaka mzima, na wote wawili wametoka ndani ya stoo ya magunia. Sisemi vyote ni vipimo. Kuna barakoa, kuna maji ya kunyunyiza sakafuni. Lakini nani alijua pa kuyanyunyiza?

Sasa niseme langu. Nilianza hapa mwaka 1996 nikifagia, darasa la saba, bila mtu wa kunishika mkono. Mashine namba mbili nilijifunza kwa kuitazama, na mwaka 2001 nikawa mkuu wake. Mwaka 2005 Sista alinipima masikio, akasema la kushoto limeanza kufa, niondoke kwenye mashine. Nikahamishiwa mizani, posho ya mashine ikakatwa. Kwa miezi kumi na minne sikumpa shikamoo. Yeye kila asubuhi alipita dirishani kwangu, akasimama kidogo, akaisubiri, akaenda zake.

Sikujua kwamba miezi hiyohiyo kumi na minne alikuwa akipanda ofisini kugombana. Mwezi wa kumi na tano kanuni ikabandikwa: anayehamishwa kwa sababu ya afya anahama na haki zake zote. Siku hiyo nilimwamkia mara mbili. Akaitikia, "Marahaba, na hiyo nyingine ni ya deni."

Kanuni ilichelewa kwa rafiki yangu Byarugaba, aliyeishika mashine yangu. Yeye alikwishaona nilivyofanywa, akaapa halitampata. Wakati wa kupima masikio unavaa vipokea sauti na unanyoosha mkono kila ukisikia mlio. Byarugaba aligundua kuwa kioo cha dirisha kinaonyesha kidole cha Sista kikibonyeza kitufe. Kidole kikishuka, mkono unapanda. Miaka mitatu mfululizo alipata milio arobaini kwa arobaini. Alinisimulia mwenyewe, tukacheka, nikanyamaza. Mwaka 2008 kioo kilivunjika na seremala akapigilia ubao. Byarugaba alikaa, akautazama ubao, mkono ukabaki gotini. Alisikia minne.

Sista aliutazama ubao, akakitazama kiti, akaelewa. Hakumshtaki. Alikigeuza kiti kitazame ukuta, na hakijageuzwa tena. Ila siku moja aliniambia, "Deodatus, mtu akiogopa kupoteza kazi, hata mashine yangu itadanganya." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alipigania posho kabla ya kudai vifaa vipya.

Byarugaba sasa yuko Kanoni na migomba yake. Ukimwamkia anakutazama midomo. Nilikwenda kumwomba ruhusa ya kuandika haya, nikaandika swali kwenye karatasi. Akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia: "Andika! Weka na jina, wasije wakasema ni mtu wa kutunga!"

Mwezi Mei tulitangaziwa kuwa baada ya Sista kuondoka, upimaji utasimama hadi hapo hali itakaporuhusu. Hali gani? Vumbi nalo litasimama?

Kanuni inasema kila anayeondoka apimwe. Jumanne iliyopita ilionekana kwamba mtu pekee atakayeondoka bila kupimwa ni Sista, kwa kuwa hakuna wa kumpima. Nikajitolea, miaka mingi nimemsaidia wakati wa foleni. Alikaa kwenye kiti chake, akautazama ukuta. Mimi mwenye sikio moja nikabonyeza. Milio thelathini na minane. Nikaandika jina langu kwenye mstari wa mpimaji, nikapeleka kadi kwa Meneja wetu, Bi. Placida, aweke sahihi.

Akauliza, "Na kadi nyingine?" Nikamwambia zipo 121, Sista amekwisha kuzijaza tarehe za Septemba, mstari wa mpimaji uko wazi kwenye kila moja, na ya kwanza juu ni ya Meneja mwenyewe, ambayo haijawahi kuandikwa kitu tangu mwaka 2022 kwa sababu kila mara yuko safarini. Kisha akashuka ngazi, akaingia kwenye stoo ya magunia, akakaa kwenye kiti. Sista akamkabidhi kibomba. Akavuta.

Sista alicheka kama mwaka 2004, na mshumaa ukatafutwa. Ijumaa tangazo la kutafuta mpimaji mpya lilibandikwa getini. Nimelisoma mara mbili. Mwisho wa kuomba ni tarehe 18 Julai.

Sista, asante kwa pumzi zetu, na kwa sikio langu la kulia, ambalo ni lako. Nenda ukapumzike Mabira, migomba yako istawi, wajukuu wakuchoshe kidogo tu. Jumatatu Byarugaba atakaa mstari wa mbele akutazame midomo, kwa hiyo zungumza taratibu. Kibuyu cha rubisi kitakuwepo na mrija wako utakuwa mpya. Siku hiyo, ruhusa kuvuta.

Deodatus Kashaija, Mizani