Mlio Chini ya Boneti

Mshonaji alitega sikio bila aibu. Kwenye kiti cha mbele yake, kinyozi na mama mmoja mwalimu wa udereva walikuwa wamepandisha sauti kuhusu mlio uliotoka chini ya boneti ya basi.

"Mkanda huo, mama. Umelegea tu."

"Mkanda wapi, mwanangu? Hiyo ni pampu ya maji, ndiyo inayozungusha maji yapoze injini. Beringi yake ikichoka hulia hivyo, na maji huvuja. Hukuona matone pale kituoni?"

"Niliyaona. Nikajua wametoka kuliosha."

Basi lenyewe lilikuwa na vumbi la wiki nzima.

Ghafla mlio ukakoma.

"Umesikia? Limepona lenyewe," kinyozi akasema, kifua mbele.

Mwalimu akachukua mkoba wake. Mvuke ulikuwa umeshaziba kioo cha mbele, na dereva anatafuta pa kuegesha.