Msuli Usiosikia Amri

Wanajumuiya wenzangu, amani kwenu. Mkitaka kucheka chekeni tu, nimeshazoea. Mimi, baba mzima mwenye wajukuu, nilikuwa siwezi kukojoa mtu akiwa karibu.

Nikisikia kandambili nje ya choo, mkojo unagoma. Nasukuma, nabana pumzi, jasho linanitoka, wapi! Safari nikaacha, sherehe nikaacha. Hapa Ilomba mkadhani ninajidai. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa mpweke katikati ya watu.

Mama akafariki kule nyumbani Rujewa. Matanga yetu mnayajua: watu wanalala hapohapo, choo kimoja, foleni, na aliye nje anakohoa ili utoke haraka. Tangu asubuhi sikupata hata tone. Tumbo likawa gumu kama ngoma. Tulipotoka kuzika, nikaondoka. Dada yangu akaniita, "Kaka, unamwacha mama hata udongo haujakauka?" Nikaenda kukojoa mbali, kwenye majaruba ya mpunga, na kurudi msibani nikaogopa, nikaenda barabarani kutafuta gari la kuja huku. Dada hakunisemesha tena miaka mitatu. Nililia peke yangu, hata mke wangu sikumwambia.

Mwaka jana mkojo ukafunga kabisa, hospitali wakaniwekea mpira wa kutolea mkojo. Nesi mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza bila kucheka, "Baba, chooni unapumuaje?"

"Nabana."

"Ndiyo maana! Mdomoni mwa kibofu kuna msuli wa duara, hausikii amri yako. Ukiogopa, unajikaza wenyewe. Usisukume. Toa pumzi taratibu mpaka iishe, legeza tumbo, subiri."

Nikafanya mazoezi miezi kadhaa, mke wangu akisimama nje ya mlango, baadaye na jirani. Siku nyingine mkojo uligoma, nikakasirika, kesho yake nikaanza tena.

Mwezi uliopita tumemzika baba mdogo, Rujewa kulekule. Nimekaa mpaka tanga likaanuliwa. Siku ya mwisho nikamweleza dada yote. Akasema, "Mimi nilidhani hukumpenda mama. Kaka, kwa nini hukuniambia?"

Namshukuru nesi yule, na mke wangu. Mwenye shida kama yangu aende hospitali, na asibane pumzi. Na ninyi wengine, mtu akitoka msibani mapema, msimseme. Mfuateni mpaka barabarani mkamuulize ana nini. Mimi siku ile ya mama nilisubiri gari saa nzima, nikitazama nyuma. Hakuja mtu.