Bi Mkasi na Waridi la Ukuta wa Nyuma

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imenituma niwasomee habari za mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkasi.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1946, katika chumba cha nyuma ya duka la mikate la baba yake, mtoto wa tatu kati ya watano, akasoma shule ya msingi kuanzia 1954 hadi 1961, na mwaka 1964 akaajiriwa kushona mashuka ya hospitali, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2001.

Tarehe 12 Septemba 1970 aliolewa na fundi mwashi, baba yetu huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Mwaka 1979 baba alijenga ukuta mrefu nyuma ya nyumba, mama akapanda chini yake waridi la kutambaa, baba akang'aka, "Nimejenga ukuta, sikujenga kabati la kutundikia maua!" lakini alikuwa anapigia mbuzi gitaa. Mama aliyafunga matawi kwa vipande vya shuka, akiyalaza kando yasipande wima, maana tawi lililolazwa hutoa maua katika kila kifundo.

Tarehe 9 Juni 2011 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza, waridi likakosa mtu, likaingiwa na madoa meusi, majani yakapukutika, nasi watoto tukaamua ling'olewe. Alipoliona jembe alisema, "Mkono mmoja umelala, wa pili uko macho. Wekeni hilo chini."

Akajifunza kushika mkasi kwa mkono wa kushoto, akaondoa kila tawi bovu, majani yenye madoa yakaokotwa na kuchomwa, huku baba akifunga matawi juu ya ngazi kwa amri yake, na akikosea anaambiwa afungue aanze upya. Oktoba 2013 ukuta ulichanua kuanzia geti la nyuma hadi usawa wa dirisha la jikoni, wapita njia wakasimama, na baba akahesabu maua mia nne na kumi na mawili, kisha akakiri mbele ya mashahidi kwamba ameshindwa.

Januari 2024 moyo wake ulianza kuchoka, na tarehe 2 Februari, saa moja asubuhi, alitutoka, akiacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi cherehani wenzake, na ninyi majirani, ambao kuta zenu kumi na nane leo zimechanua kwa vipando alivyowakatia kwa mkono wake wa kushoto.

Lala kwa amani, mama, umeshinda.